Kumbukumbu ya saladi ya ofisini: choroko imefika saa saba mchana bila kutoa maji

Imekubali jamani! Leo nimefungua kontena mchana ofisini nikakuta kabeji bado inalia mdomoni, choroko zimeachana moja moja, na kule chini kuna unyevu kidogo tu, ile supu ya rangi ya karoti iliyonitesa tangu nianze huu mradi wa kupunguza mwili haipo. Wanaobeba chakula kazini mnanielewa. Saladi unaiandaa alfajiri ina rangi zake zote, unapanda nayo daladala imebanwa kwenye begi, ikifika mchana imelala na imetota, unakula nusu kwa kujilazimisha, halafu saa kumi jioni uko mbele ya karai la mihogo ya kukaanga na njaa yako yote. Daiti nyingi zinafia kwenye hiyo saa kumi.

Kuosha na kukata naruka, mnajua. Nataka tukae kwenye haya maji.

Tango ni maji kwa asilimia 95 hivi, nyanya haipishani nalo, kabeji iko kwenye 92. Ukitia chumvi asubuhi hayo maji lazima yatoke, chumvi inayavuta kutoka ndani ya mboga, kila mla kachumbari ameliona hilo kwenye bakuli. Kwahiyo chumvi, ndimu na mafuta nikavihamishia kwenye kichupa pembeni, vinamwagwa wakati wa kula. Ikapungua ila haikuisha. Nikakwangua katikati ya tango kwa kijiko, ile sehemu ya mbegu inayoteleza, ikapungua tena kidogo. Nikatoa tango kabisa, nikatoa na nyanya, nikabaki na kabeji, karoti, hoho, choroko na mayai ya kuchemsha. Maji yapo vilevile! Hapo nilichukia kweli, yaani umeshaondoa kila chenye maji na bado chakula kinaogelea.

Jibu lilikuwa kwenye mfuniko. Asubuhi moja kabla sijatoka nikaufungua kucheki kama nimeweka mayai, nikakuta upande wa ndani umejaa matone manene, ukiugonga yanadondoka yote kwenye kabeji. Mvuke wa choroko! Choroko ikipakiwa vuguvugu, hata ile ya kugusa ukasema imeshapoa, mvuke unapanda, unagonga plastiki, unageuka maji na kurudi chini, na kabeji ikipata hilo joto inalegea na kuachia maji yake yenyewe. Juu ya hapo choroko iliyochujwa tu bado imebeba maji kwenye maganda, hasa ile iliyoiva mpaka ikapasuka, ile haina dawa, ipikie mchuzi wa nazi ule na wali siku ambayo umejiruhusu.

Sasa hivi napika usiku. Naanza kuonja mapema, nikiona imeiva katikati ila ganda bado zima naipua hapohapo, nachuja, naitandaza kwenye sinia juu ya kitambaa cha pamba, feni inapiga, naigeuzageuza mpaka ikauke juu na ipoe kabisa, ndio inaingia friji. Usiiache mezani mpaka asubuhi, kwa joto la Dar utaamka imechacha. Asubuhi inapakiwa ya baridi, juu ya mboga za baridi, na nikifika kazini kontena linaingia friji ya ofisi. Baridi kwa baridi, mfuniko unabaki mkavu. Nimerudia tena na tena, inakubali.

Na kabeji nayo nimeipatia njia. Naikata nyembamba, naipaka chumvi, naiacha kwenye chujio kama nusu saa na sahani nzito juu, halafu nasuuza na kukamua ndani ya kitambaa mpaka mikono iume. Maji yaliyokuwa yatoke mchana yanatokea jikoni kwangu usiku. Inabaki laini kidogo ila ina mkwaruzo, na inashuka ujazo kwahiyo kontena lilelile linabeba kabeji nyingi zaidi, ambayo kwa mtu anayetafuta shibe ni faida tupu.

Kuhusu vifaa nina maneno. Karoti kateni kwa kisu, hata kama inachosha. Kikwangulio kinaipasua vibaya na inaanza kutoa juisi pale pale, vijiti vya kisu vinakaa. Kile kidude cha plastiki cha kuzungusha majani ili yakauke sikioni cha maana, kitambaa safi, shika pembe nne, toka nje zungusha kwa nguvu, letasi imekauka. Kitu cha kununua kwa hela yako ni mizani ya jikoni. Bila mizani mafuta yatakudanganya, kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120, na mkono ukiteleza umemwaga vitatu bila kuona tofauti kwenye bakuli. Sisemi mafuta yatoke, rangi ya karoti na mchicha inahitaji mafuta kidogo ili mwili uinyonye, natia kijiko cha chai basi. Mayonizi nimeshaachana nayo.

Nyanya nimezirudisha baada ya mama wa genge kuniokoa. Nilikuwa nachagua zile nyekundu za mviringo zilizolainika akanishika mkono, "Mwanangu, hizo za rosti, za kachumbari chukua Tanya." Zile ndefu kama yai, ngumu, nyama nene na mbegu chache. Nazibeba nzima na kisu kidogo, nazikatia mezani.

Sasa shibe, maana saladi kavu isiyoshibisha haina kazi. Majani peke yake yanajaza tumbo kwa saa moja, ukienda chooni yameisha. Kinachokaa ni protini na nyuzinyuzi. Kontena langu la leo: choroko iliyopikwa gramu 200, hiyo ni kama kalori 210, protini gramu 14 na nyuzinyuzi gramu 15. Mayai mawili, kama kalori 155 na protini gramu 12. Kabeji, karoti na hoho zote pamoja hazifiki kalori 70, robo ya parachichi, na hicho kijiko cha chai cha mafuta. Jumla inacheza kwenye 550 na nimefika nyumbani jioni sijagusa muhogo. Watu wanachukua choroko kama chakula cha shida, mimi naona ndio mfalme wa saladi, kuku wa kifua aje nyuma.

Wiki hii mpango ulikuwa kujaribu mchuzi wa mtindi uliokamuliwa kwenye kitambaa, na giligilani na kitunguu saumu. Nimeuweka kando, kuna kitu kimenivuta. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake kule Chuo Kikuu cha Sydney waliwalisha watu vyakula 38 vya kalori sawa wakapima kipi kinashibisha zaidi ndani ya saa mbili, mkate mweupe wakaupa 100. Aliyeshinda wote ni kiazi mbatata cha kuchemsha, 323! Kiazi, ambacho kila mwenye daiti anakikimbia kama kimefanya kosa. Kosa ni la karai la mafuta. Na kikipoa kwenye friji sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu kumeng'enywa, inapita kama nyuzinyuzi.

Kwahiyo nataka kiazi cha baridi kiingie pamoja na choroko. Shida mpya ni kwamba viazi ninavyopata huku mtaani vikiiva vinakuwa unga, nikikata vipande vinamomonyoka na kupaka kila kitu. Nimechemsha na maganda, nimeanzia kwenye maji ya baridi, nimetia ndimu kwenye maji, afadhali kidogo ila bado. Anayejua viazi gani vinashika umbo vikipoa, na vinapatikana soko gani hapa Dar, aniambie kabla sijaenda Jumamosi.