Chumba cha Mwanga

Bibi mwenye nyumba alituacha tumesimama barazani mpaka alipomaliza kupepeta mchele wake. Tulikuwa watano: wanaume watatu, dada mmoja mtu mzima, na mimi. Shikamoo zetu aliziitikia moja moja, kisha akauliza, "Nyinyi ni ndugu?"

"Hapana, Bibi."

"Kabila moja?"

"Sisi ni wachoraji," akajibu Chui. Jina hilo tulimpa sisi, maana chui wake waliuzika kuliko wanyama wetu wote.

"Na hilo nalo kabila?"

Hiyo ilikuwa Msasani, mwaka 2011. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na chumba chake pembe yake ya Dar, mimi nikiwa Mbagala. Rangi yetu ni ya mafuta, ileile ya kupaka baiskeli na milango. Ukishapaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, unasubiri ukauke ndipo mnyama aingie, na picha mbichi haipandi daladala. Wapangaji wenzangu nao walikuwa wamechoka na harufu ya tina, ile ya kuzimulia rangi. Ndipo Dada akasema tutafute nyumba nzima ya Kiswahili, tukae wachoraji watupu.

Swali la Bibi halikuwa la kijinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanzisha mtindo wetu huu wa kuchora, unaoitwa kwa jina lake, hapa Dar mwaka 1968, wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa ndugu na watu wa kwao Tunduru. Sisi damu hatukuwa nayo. Mteja wetu mmoja, mama wa Denmark, alitusimulia kwamba kwao kuna watu wasio ndugu walioamua kujenga pamoja: kila familia na nyumba yake na jiko lake, ila kuna nyumba moja ya wote ya kupikia na kula. Mtaa wa kwanza wa namna hiyo, Sættedammen, wenye familia 27, ulikamilika mwaka 1972. Mwaka huohuo Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi hapa mjini. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akacheka: "Kumbe wamegundua uani!"

Vyumba vilikuwa sita, vitatu kila upande wa ukumbi, kimoja shilingi 30,000 kwa mwezi. Kodi ya miezi sita 1,080,000, na dalali akataka ya mwezi mzima. Kila mmoja alitoa 252,000. Mimi niliuza cherehani.

Jumamosi ya kuhamia tulitandika mkeka ukumbini tupige kura kwa vizibo vya soda. Chumba kitakachobaki kingekuwa cha kazi. Hakuna aliyefikiria kwamba kura haina macho. Kilichobaki kilikuwa cha nyuma, kinachopakana na choo, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Cha mbele upande wa mashariki, chenye jua la asubuhi, kilinidondokea mimi.

Walinyamaza. Chui akakigeuzageuza kizibo chake kama anatafuta namba nyingine. Dada akaniambia kwa sauti ya upole, ile ninayoiogopa, "Mdogo wangu, wewe unaonaje?" Nikasema naona nimeshinda. Nikaingia, nikatandika kitanda, nikafunga mlango.

Alfajiri nikasikia hodi. Chui, na ubao wake: anamalizia macho tu. Kabla sijajifunga khanga vizuri akaja wa pili na kigoda. Saa moja walikuwa wote wanne, makopo ya rangi yamepangwa chini ya kitanda changu, na mtu ameegemeza twiga mbichi kwenye mto wangu. Usiku nilibeba godoro nikalitandika ukumbini kwa hasira. Chumba cha nyuma sikukitaka, kwa ubishi tu.

Bibi alinikuta akienda kutawadha. Akanimulika tochi. "Mtoto wa kike halali njiani kwenye nyumba yangu." Akanishika mkono mpaka kwenye banda lake la uani, akajisogeza ukutani, akanipisha nusu ya kitanda.

Nililala hapo miaka miwili, nikilipa kodi ya chumba nilichowahi kulala usiku mmoja. Kila jioni, kabla sijapanda kitandani, alininusa nywele.

"Tina," alikuwa akisema. "Rudi bafuni."