Gemu ilikuwa inaanza upya kila nikipigiwa simu, nilivyotatua

Nacheza Final Fantasy VI, ile ya 1994 iliyorudi kwenye simu 2022, na simu yangu ina ramu (kumbukumbu ya kuendeshea apu) ya GB 3 tu, haibebi apu nyingi kwa pamoja, sasa ikawa kila nikipigiwa nikirudi nakuta gemu imeanza upya. Iliniuma sana kwenye pambano na treni ya mizimu, Sabin, mpiganaji wangu mmoja, kashaibeba treni nzima kaibamiza chini, mama akapiga, kurudi naona skrini ya kuanzia.

Kwanza usikimbilie kufuta gemu, sevu, yaani hatua ulizohifadhi, zinakaa ndani ya simu zitaondoka nayo. Mimi niliingia setingi, nikaifungua hiyo gemu, upande wa betri nikaondoa kizuizi ili simu isiizime ikiwa nyuma, halafu kwenye orodha ya apu zilizo wazi nikaiwekea kufuli. Na kabla ya bosi (adui mkubwa) yeyote nafungua menyu napiga sevu ya haraka, maana otosevu, ile gemu inayojihifadhi yenyewe, inashika ukibadili eneo, katikati ya pambano haishiki kitu.

Jana mama kapiga, tumeongea weee, narudi nakuta Sabin kasimama palepale anasubiri amri yangu.