4,294,967,297 na kigawo chake kidogo

Leo nimeshinda na namba moja kichwani: 4,294,967,297. Ukiitazama juujuu utadhani ni tasa, yaani haigawanyiki kwa namba yoyote ila 1 na yenyewe. Haigawanyiki kwa 3, wala 5, wala 7, na ukiendelea kujaribu namba ndogondogo unachoka mapema.

Inapatikana kwa kuchukua 2 kwa kipeo cha 32, kisha kujumlisha 1. (Jirani yake wa chini, 4,294,967,296, ndiyo idadi ya anwani zote zinazowezekana katika mfumo wa zamani wa intaneti, lakini hiyo ni habari nyingine.) Mwaka 1640 mwanahisabati Pierre de Fermat aliziangalia dada zake, zinazopatikana vivyo hivyo kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16 (kila kipeo ni maradufu ya kilichotangulia): 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa, akaamini kwamba na zinazofuata ni tasa vilevile. Uthibitisho hakuwa nao, na alikiri hivyo. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Leonhard Euler, akaonyesha kwamba hii ya sita ni 641 × 6,700,417.

Kinachonifurahisha ni kwamba unaweza kulihakiki jambo hili bila kuigawanya namba yenyewe. Chukua 640, ambayo ni 5 × 2⁷. Mbele ya 641 imepungukiwa 1 tu, kwa hiyo tukitazama baki peke yake baada ya kugawanya kwa 641, tunaihesabu kama −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: −1 inageuka 1, yaani 5⁴ × 2²⁸ ikigawanywa kwa 641 inabakiza 1. Sasa tazama, 641 hiyohiyo ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, na jumla hiyo ikigawanywa kwa 641 haibakizi kitu. Basi penye 5⁴ weka −2⁴, upate kwamba −2³² inabakiza 1. Kwa hiyo 2³² + 1 haibakizi kitu. Kwisha!

Tamu, ila kwangu mimi ina ujanja kidogo, maana lazima uwe umeshaijua 641. Kazi yenyewe hasa ni kuitafuta. Euler aliona kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 (yaani 64 mara namba nzima fulani) kikijumlishwa 1. Ukizifuata hizo kwa mpangilio, tasa za mwanzo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Na hoja hiyo imesimama juu ya nadharia ya Fermat mwenyewe, aliyoieleza mwaka huohuo wa 1640. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na mlango ukakaa umefungwa zaidi ya miaka 90.

Tangu hapo hajapatikana dada mwingine aliye tasa. Zile 28 zinazofuata baada ya 65,537 zimeshathibitishwa zote kuwa si tasa. Zinazonisumbua zaidi ni mbili kati yake, ya 21 na ya 25 ukianza kuhesabu na 3: inajulikana kwa hakika kwamba zina vigawo, lakini mpaka sasa hakuna aliyekipata hata kimoja.