Nzi wa matunda: nilivyowamaliza jikoni bila dawa ya kupuliza

Kaskazi ikianza kuvuma na maembe kushushwa kwa wingi hapa Lamu, jikoni kwangu hakukaliki kwa kazi. Natengeneza achari na juisi za kuuza, kwa hivyo embe, ndimu na ukwaju haviniishii. Na nzi wa matunda pia hawakuwa wakiisha, wale wadogo wenye macho mekundu. Ukiwapunga wanahama kidogo, kisha wanarudi palepale. Dawa ya kupuliza siitaki karibu na chakula cha watu. Nilitaka njia ambayo hata mtoto akiingia jikoni na kushika chochote, sina wasiwasi.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kujua wanavyozaliana. Jike hutaga juu ya tunda lililoiva sana au lililopasuka, na popote penye majimaji yaliyochacha. Maishani mwake anaweza kutaga mayai mamia. Kwa joto letu la pwani, yai huwa nzi kamili kwa siku 8 hadi 10 hivi, na siku mbili baadaye jike huyo mpya naye anataga. Ndiyo maana mtu anaua leo na wiki ijayo wamejaa tena. Mtego hunasa wanaoruka tu. Walio bado mayai na funza haudhuru hata mmoja. Basi kazi yenyewe ni kuwanyima pa kuzalia, wiki mbili tatu mfululizo, bila kulegeza.

Embe likiingia ndani sasa halilali bila kuoshwa. Natazama zaidi kwenye kikonyo, maana utomvu hukauka pale na uchafu hujificha. Mama mkwe wangu alinionya mapema: "Mwanangu, usiyaweke na maji, yataoza usiku mmoja." Kwa hivyo nayapangusa moja moja kwa kitambaa kikavu. Yaliyopasuka nayakata siku hiyo hiyo. Yaliyoiva nayafunika kwa kawa, na hapa nawasifu waliotutangulia: kawa limesukwa kwa kubana, nzi hapiti, na tunda linapata hewa. Vipande vya achari vinavyoanikwa juani nafunika kwa kitambaa cha shashi na kukifunga kwa mpira pembeni.

Mtego nao ninao. Namimina siki ya tembo la mnazi kwenye glasi, natia kipande cha embe lililoiva kupita kiasi na tone moja la sabuni ya maji, kisha juu naweka karatasi niliyoikunja kama faneli yenye tundu dogo chini. Harufu ya uchachu ndiyo inayowavuta. Siki nyeupe ya dukani haikunipa mafanikio kama hii yetu. Sabuni usiiache. Nzi ni mwepesi, bila sabuni husimama juu ya siki na kunywa raha mustarehe, ikiwepo, anazama. Glasi naiweka mbali na matunda na kuimwaga kila baada ya siku moja au mbili, kwa sababu ikikaa itageuka kuwa pa kuzalia.

Maganda yalikuwa tatizo kubwa kuliko nilivyodhani, kwa kuwa ndoo ya taka ilikuwa ikikaa hadi asubuhi. Siku hizi yanatoka kabla ya magharibi, yanakwenda kwa jirani mwenye punda, na punda wa Lamu hawachagui. Ndoo inaoshwa na kufunikwa.

Kisha karo la kuoshea vyombo. Utelezi ulio ndani ya bomba lake ni chakula, na maji moto peke yake hayautoi; nasugua kwanza kwa brashi, ndipo namimina maji yanayochemka. Ukitaka kujua kama wanatokea humo, paka mafuta ndani ya glasi, uifudikize juu ya tundu usiku, asubuhi utawaona walionata. Ila ukiona wenye mbawa zenye manyoya kama nondo wadogo, hao ni wadudu wa mifereji, na siki haitakusaidia. Hao ni wa brashi tu.

Watu wengi huniuliza kuhusu udi, rihani na karafuu zilizochomekwa kwenye ndimu. Rihani ninayo dirishani na naipenda, na moshi wa udi huwasogeza kwa muda. Ndimu yenye karafuu siiweki tena: ikianza kuoza, umewaandalia wenyewe. Upepo umenifaa zaidi. Jiko letu liko juu, nikaihamishia meza ya matunda pale kaskazi inapopita, na nzi hawa hawawezi kuruka vizuri penye upepo.

Mkikata embe na kukuta funza ndani ya nyama yake, jueni huyo ni nzi mwingine, mkubwa, anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Mmoja wa aina hiyo, aliyetoka Asia, alionekana Kenya mwaka 2003 na amewatesa sana wakulima wa maembe. Embe kama hilo lifungeni kwenye mfuko mweusi, mliache juani siku kadhaa, msilitupe hivi hivi.

Na kama wiki tatu zimepita na wadogo bado wapo, tazameni chini ya kapu la viazi, kwenye chupa za soda zisizosuuzwa, na kwenye kile kisahani cha maji nyuma ya friji.