Ghorofa za Digo Road

Mgeni akiuliza historia ya Mombasa, hupelekwa moja kwa moja Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kisha huzungushwa katika vichochoro vya Mji wa Kale. Sina ugomvi na ziara hiyo. Hata hivyo, mimi hupendelea kutembea Digo Road, ambayo enzi za ukoloni iliitwa Salim Road, nikiinua macho juu ya mabango ya maduka kutazama ghorofa zilizojengwa katikati ya karne iliyopita.

Tofauti ya ghorofa hizo na nyumba za Mji wa Kale inaanzia darini. Nyumba ya mawe ya matumbawe ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina kikomo cha urefu, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba. Zege iliyotiwa vyuma iliondoa kikomo hicho, ikawezekana kuweka duka pana chini, makazi juu, na safu ya madirisha kutoka pembe hadi pembe. Jua la pwani, lakini, halikubadilika. Ndiyo maana madirisha hayo yamefunikwa kwa vivuli vya zege vilivyotokeza nje, na ngazi zikazungushiwa kuta za matundu zinazopitisha upepo wa kusi huku zikiwakinga waliomo ndani na macho ya wapita njia, kazi ileile iliyofanywa na roshani za mbao za zamani.

Mtindo huu ulikuwa na watu wake mashuhuri. Ernst May, Mjerumani aliyesimamia mipango ya jiji la Frankfurt kuanzia 1925 hadi 1930, alihamia Afrika Mashariki na baadaye akabuni hoteli ya Oceanic hapa Mombasa.

Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya mjini yapakwe rangi nyeupe na buluu. Mji ulipendeza, hasa ukiutazama kwa mbali, ila kwa maoni yangu rangi moja kwa wote imefifisha tofauti za enzi. Isitoshe, rangi haitibu maradhi yenyewe: chumvi ya bahari hupenya zege, vyuma vya ndani hushika kutu na kuvimba, kisha zege hupasuka na kumeguka. Fundi anayeziba ufa kwa saruji bila kuisugua kutu hiyo anauficha tu, na ukuta utapasuka tena palepale.