Kunyonyesha kulivyonitesa wiki ya kwanza
Jamani hili hakuna aliyeniambia. Siku ya nne chuchu zishapasuka, mtoto akishika tu nakunja vidole vya miguu kwa maumivu, kumbe alikuwa anashika ncha peke yake badala ya kuingiza na ile sehemu nyeusi ya titi. Nesi akanielekeza, subiri apanue mdomo kabisa, kidevu kiguse titi, ndo umvute kwako, na ikiuma usivumilie, ingiza kidole pembeni ya mdomo umtoe muanze upya. Nikapata nafuu siku ileile! Kichanga kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku ni kawaida, sio kwamba maziwa hayatoshi. Ila titi likiwa jekundu, la moto, na una homa, endelea kunyonyesha na uwahi hospitali.