Uvimbe ulitolewa, maumivu ya katikati ya mwezi yakabaki

Miezi saba iliyopita nilitolewa uvimbe maji kwenye ovari (kiungo kinachotoa mayai ya uzazi) ya kulia. Upasuaji wa matundu, makovu matatu madogo, moja limejificha kitovuni. Nikajua yameisha.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji, siku ya 14 ya mzunguko wa hedhi, nainama kufunga kamba za viatu, nikachomwa upande uleule. Nikakaa chini palepale, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, nikawaza: huyu amerudi.

Hakuwa amerudi. Picha ya ultrasaundi ilikuwa safi. Daktari akanieleza kuwa yai linapotoka, kifuko chake hupasuka, na majimaji au damu kidogo inayomwagika huwasha ndani ya tumbo. Makovu ya ndani baada ya upasuaji nayo yanaweza kuvuta. Ajabu, kabla ya uvimbe sikuwahi hata kujua siku yai linapotoka!

Sasa naandika tarehe kwenye daftari. Siku hizo nalala na chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, na nikizidiwa nameza ibuprofeni baada ya kula (kama unatafuta mtoto, muulize daktari kwanza). Kwangu huisha ndani ya saa chache, mara nyingine siku nzima.

Ila maumivu makali ya ghafla, yenye kutapika, homa au kuzimia, hayo usiyavumilie. Ovari inaweza kujisokota. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Leo ni siku ya 13. Chupa iko tayari kitandani.